Kwa nini sloti hukosa jakpoti chupuchupu

Wateja wanaotuletea mashine za sloti (za kamari) kutengenezwa hutuuliza hivi: "Mbona magurudumu yanasimama pembeni tu ya jakpoti kila mara? Si imeharibika hiyo?" Mara nyingi ni nzima kabisa. Ndivyo ilivyoundwa.

Mwishoni mwa karne ya 19, Charles Fey wa San Francisco aliunda Liberty Bell, mashine ya sloti yenye magurudumu matatu na vituo kumi kwa kila moja, yaani sehemu kumi linapoweza kusimama. Kumi mara kumi mara kumi: mipangilio 1,000, basi. Mwenye subira angeweza kuhesabu alama akaijua nafasi yake. Mashine za mkono tunazipenda mno karakanani, kwa sababu hazifichi kitu. Ukifungua mlango unaona springi, gia, na vidole vya chuma vinavyopapasa pengo la kila gurudumu kabla ya kuachia sarafu.

Mwaka 1963 kampuni ya Bally ilileta mashine ya Money Honey iliyotumia umeme, ikalipa hadi sarafu 500 bila mhudumu. Mwaka 1976 ikaja Fortune Coin, yenye skrini ya televisheni badala ya magurudumu.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote halionekani kwa macho. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani ya kuiachia kompyuta kazi ya kuchagua matokeo. Chukua gurudumu lenye vituo 22, jakpoti ikiwa kwenye kimoja. Ndani ya programu gurudumu hilohilo linaweza kupewa vituo 64. Kwa magurudumu matatu, nafasi ya jakpoti inaporomoka kutoka 1 kati ya 10,648 hadi 1 kati ya 262,144, na wewe uliyeketi mbele yake huoni tofauti yoyote. Tena vituo vya ziada vinaweza kurundikwa kwenye sehemu tupu, juu na chini ya jakpoti. Hapo ndipo "nimeikosa kidogo tu" inapotoka. Sisi tunaona mchezaji ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajaweka hela.

Na ile imani kwamba mashine iliyokaa sana bila kulipa "imeiva"? Si kweli. Chipu huzalisha namba mfululizo, hata pasipo mchezaji; ukibonyeza, inachukua namba ya wakati ule. Haina kumbukumbu ya hela ulizopoteza.

Kwa hiyo tunatengeneza mota, vihisi, taa na kipokea sarafu. Chipu ya malipo hatuigusi, hata mwenye mashine akituomba. Ukituletea ya kielektroniki, usichomoe betri ya bodi. Data zake zinaweza kufutika.