Nchi inayojiita Cymru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jina Cymru, ambalo wapenzi wengi wa kandanda walilisikia timu ya Wales ilipocheza Kombe la Dunia nchini Qatar mwaka 2022, baada ya kulikosa kwa miaka 64. Hilo, linalotamkwa karibu na "Kamri", ndilo jina ambalo wenyewe huiita nchi yao kwa Kiwelisi.

Wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye neno la Wabritoni, yaani wenyeji wa kale wa Britania na mababu wa Wawelisi, nalo ni kombrogi, lililounganisha kom, yaani pamoja, na brog, yaani nchi au mpaka wake. Kombrogi walikuwa watu wa nchi moja, na Kiswahili kina neno linalokaribia sana maana hiyo: wananchi wenza. Kipande cha pili kingali hai katika Kiwelisi cha leo, ambako bro ni eneo la kwao mtu. Hata Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England, imepata jina lake kutoka shina hilohilo, kwa kuwa huko nako waliishi Wabritoni waliojiita hivyo.

Wales, kinyume chake, ni jina la kubandikwa. Waanglo-Saksoni, mababu wa Waingereza, walioingia Britania kutoka bara la Ulaya waliwaita wenyeji waliowakuta wealas, yaani wageni, na neno hilo likaja kutumika hata kwa maana ya watumwa. Mimi huona uchungu kila ninapolifikiria jambo hili: aliyehamia ndiye anayemwita mwenyeji mgeni, tena katika ardhi ya huyo mwenyeji, na jina hilo ndilo linaloshika katika ramani za dunia. Shina lake limo pia katika Cornwall, na katika Wallonia ya Ubelgiji.

Nasi tunaongeza kosa letu. Kwa kuwa neno Uingereza tunalitumia kwa England na vilevile kwa Ufalme wote wa Muungano, magazeti yetu humwita Mwelisi "Mwingereza", yaani humpa jina la jirani yule yule aliyemwita mgeni. Nawaomba waandishi wako wamtaje Mwelisi kwa jina lake, na pale Cymru inapoonekana kwenye jezi au katika taarifa ya habari, wasiiruke, bali wamweleze msomaji maana yake.

Wako,
Msomaji, Morogoro