Malalamiko kuhusu mauntingi mlizofunga na mtetemo mnaouita wa kawaida

Meneja wa Huduma,
Kampuni ya Matengenezo ya Magari na Uuzaji wa Spea,
Barabara ya Nyerere,
Dar es Salaam.

YAH: MAGARI MATATU YANAYOTETEMEKA BAADA YA KUFUNGWA MAUNTINGI KWENYE KARAKANA YENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wasimamizi na mafundi wa magari ya kukodi ya Sinza. Magari yetu matatu yaliletwa kwenu kwa shida moja: kutetemeka kwenye sailensi, yaani injini inawaka na gari limesimama. Ni Toyota Passo yenye injini ya 1KR-FE, Toyota IST yenye 1NZ-FE na Mark II GX110 yenye 1G-FE. Yote mliyafunga mauntingi mpya (vishikio vya mpira vinavyobeba injini), na yote yametoka kwenu yanatetemeka. Tulipolalamika kwa simu tukajibiwa kwamba mtetemo ni kawaida ya magari haya. Jibu hilo ni sahihi kwa Passo. Kwa IST si kweli, na kwa Mark II hatukutegemea kulisikia kutoka kwa mtu aliyewahi kufungua boneti.

Passo tuimalize haraka. Ina silinda 3, kwa hiyo kila mzunguko wa krankshafti (mhimili mkuu wa injini) hupata wastani wa milipuko 1.5. Kwenye mizunguko 700 kwa dakika hayo ni mapigo 17.5 kwa sekunde, tena yameachana. Pistoni zimepangwa kwa nyuzi 120, hivyo nguvu za kupanda na kushuka hufutana kwa jumla, ila hazifutani mahali pamoja: ncha moja ya injini inainuka wakati nyingine inainama. Mauntingi nzima hupunguza hali hiyo, haziimalizi. Kwa gari hilo hatudai chochote, ingawa mwenye gari alistahili kuambiwa hivyo kabla ya kuuziwa mauntingi.

IST ndiyo kiini cha barua hii. Injini yake ni ya silinda 4, milipuko 2 kwa kila mzunguko, na kwa mizunguko 700 ni mapigo kama 23 kwa sekunde. Fundi wenu mkuu alituambia inatetemeka kwa sababu haina balansi shafti, yaani mhimili wa kusawazisha injini. Ni kweli haina, lakini hiyo siyo sababu. Balansi shafti kwenye injini ya silinda 4 iliyolala mstari mmoja huwekwa kupambana na nguvu inayojirudia mara mbili kwa kila mzunguko, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo wa injini. Kwenye mizunguko 3,500 ni mara 25 ya ile ya 700. Mwenye shida ya balansi shafti angelalamika akiwa kasi barabara ya Bagamoyo. Sisi tunalalamika gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Mwenge, gia kwenye D, mguu kwenye breki na AC inafanya kazi, hali ambayo gari la Dar hukaa nayo nusu ya jioni. Hapo kinachosikika ni msukumo wa milipuko yenyewe, na kazi ya kuuzuia usifike kwenye bodi ni ya mauntingi.

Kabla ya kuwanyoshea kidole tuliipima injini. Plagi zina mwanya wa milimita 1.1 kama inavyotakiwa. Tulichomoa soketi za koili moja baada ya nyingine, na kila mara injini ikashuka kwa kiasi kilekile, maana yake silinda zote nne zinachoma sawa. Tulipuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka gasketi ya manifoldi na kwenye mipira ya vakyumu, sailensi haikubadilika, kwa hiyo hakuna hewa inayoingia kwa wizi. Kompresheni ya silinda yenye nguvu na ile dhaifu hazikutofautiana hata baa 1. Injini ni nzima. Hata hivyo ukiweka gia kwenye D, kioo cha kati kinatetemeka mpaka taa za gari la nyuma zinaonekana kama mistari, na plastiki ya dashibodi inalia. Ukirudisha N inatulia kwa sehemu kubwa. Huo ni mtetemo unaopita kwenye mauntingi, hauhitaji mashine kuutambua.

Tukazifungua. Ile ya kulia, upande wa mkanda, mliyoitoa ilikuwa ya maji: ndani ina vyumba viwili vya majimaji yenye glaikoli na njia nyembamba kati yake. Injini ikiruka sana, majimaji yanalazimika kupita kwenye njia hiyo na kumeza mruko. Ndiyo maana mtengenezaji anaweza kuweka mpira laini kwa ajili ya mtetemo mdogo wa sailensi bila injini kuyumba ovyo. Ile mliyofunga ninyi tuliikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ni mpira mtupu kutoka juu hadi chini, hakuna chumba, hakuna tone. Kwa nje inafanana, mashimo ya bolti yanalingana, hata rangi ya chuma ni ileile, na kwenye risiti ya EFD mmeandika ni ya maji.

Ya nyuma, inayozuia injini isijigeuze, ina kasoro ya namna nyingine. Ya asili ina matundu marefu mawili ndani ya mpira, yameachwa makusudi ili injini ipate milimita chache za kucheza kabla haijagusa sehemu ngumu. Yenu imejazwa. Kwa kuwa gia ya D inaisukuma injini upande mmoja muda wote ukikanyaga breki, mauntingi iliyojazwa huwa imebanwa tangu mwanzo na kila pigo la silinda linaingia moja kwa moja kwenye fremu. Mteja akiitazama anaiona imara kuliko ya zamani. Imara ni kweli, na ubovu wake ni huohuo.

Tena bolti zilikazwa injini ikiwa bado imening'inia kwenye jeki. Tulipozilegeza, mpira wa upande wa giaboksi ulirudi wenyewe kwa pembeni, ishara kwamba ulikuwa umejikunja. Utaratibu ni kushika bolti zote kwa mkono, kushusha jeki, kuwasha injini, kupitisha gia N, D, R mguu ukiwa kwenye breki ili ikae mahali pake, kisha kuzima na kukaza. Ni kazi ya dakika 10.

Jambo lililotuudhi kuliko yote ni skrubu ya throtobodi, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. Sailensi ya 1NZ-FE yenye giaboksi ya otomatiki, injini ikiwa imepata moto na AC imezimwa, inatakiwa kuwa kati ya 650 na 750. Gari lilitoka kwenu likiwa 950. Alama ya rangi ya kiwandani kwenye skrubu ya kizuizi imevunjwa. Kwa mizunguko 950 mapigo yanakuwa karibu 32 kwa sekunde, mwili hauyahisi sana, na mteja anaondoka getini ameridhika. Kisha anagundua gari linashtuka akiingiza D, linasukuma mbele kwenye foleni, breki zinaisha mapema na mafuta yanakwenda. Mtetemo mliuficha, hamkuutibu.

Mark II ni fupi lakini ina aibu yake. Silinda 6 kwenye mstari mmoja ndiyo mpangilio ambao nguvu zake kuu na zile zinazojirudia mara mbili kwa mzunguko, pamoja na kuyumba kwa ncha, vyote hufutana. Milipuko ni 3 kwa mzunguko, mapigo 35 kwa sekunde kwenye 700. Injini hiyo ikitikisika kwenye sailensi, kuna kilichoharibika. Na mtikisiko wenyewe ulikuwa unajieleza: ulikuwa wa polepole, karibu 6 kwa sekunde, unaoweza kuufuata kwa kidole ukiweka mkono kwenye usukani. Kila silinda hulipuka mara moja kwa mizunguko miwili. Gawanya 700 kwa 60 kisha kwa 2, unapata 5.8. Hiyo ni silinda moja inayomisi, yaani haichomi. Tulizima silinda moja moja na tulipofika ya 5 injini haikubadilika hata kidogo. Nozeli yake ya kupulizia mafuta ilikuwa imeziba. Mlibadilisha mauntingi nzima kwenye injini inayomisi, mkatoza na ufundi.

Tunaomba yafuatayo. IST ifungwe mauntingi ya maji halisi upande wa kulia na ya nyuma yenye matundu, bila malipo, na skrubu ya throtobodi irudishwe mpaka sailensi ifike 700. Mark II irudishiwe fedha zote za mauntingi na ufundi, na mauntingi za zamani mlizozitoa mtupatie, maana hatukuzikuta kwenye buti. Kazi ya IST ifanyike fundi wetu akiwepo, na mizunguko ipimwe na kuandikwa gia ikiwa N na ikiwa D, AC imezimwa na imewashwa, kabla na baada.

Mauntingi iliyokatwa tunayo, nusu zote mbili, pamoja na risiti. Tukikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14 tutazipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa kuuza mpira mtupu kwa jina la mauntingi ya maji ni suala la bidhaa kutolingana na maelezo yake. IST inaweza kuletwa siku yoyote ya kazi kabla ya saa 3 asubuhi. Baada ya hapo inakuwa barabarani.

Wenu,

Wasimamizi na mafundi wa magari ya kukodi,
Sinza, Dar es Salaam.