Marathoni ya korongoni na ushauri wa "kunywa kadiri uwezavyo"

Mhariri,

Kila mbio za jangwani zinapotajwa katika kurasa za michezo, ushauri huwa ni uleule: kunywa maji kadiri uwezavyo, usingoje kiu. Naomba nafasi niupinge, kwa ajili ya wanaojiandaa kukimbia kilomita 42 ndani ya korongo la jangwani. Huko ushauri huo unaweza kumlaza mtu hospitali, na wapo ambao hawakuamka.

Jasho hutoka na chumvi. Anayelowa saa tano au sita huku akijijaza maji matupu anaizimua sodiamu, madini yaliyo ndani ya chumvi, iliyobaki kwenye damu. Ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, maji huhamia ndani ya seli. Ubongo nao huanza kuvimba, na fuvu haliupi nafasi. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, na asilimia 13 walikutwa chini ya kiwango hicho. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliomaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko waliokuwa nao mwanzoni. Hiyo ni njia ya lami. Korongoni watu hukaa njiani muda mrefu zaidi, na anayekwenda polepole ndiye mwenye wasaa wa kunywa kupita kiasi.

Kipimo ni mizani. Jipime bila nguo, kimbia saa moja kwenye joto, jifute jasho, jipime tena. Ukianza na kilo 68.0, ukarudi na 67.2, na ulikunywa nusu lita, basi jasho lako ni lita 1.3 kwa saa. Usihangaike kuirudisha yote. Kumaliza mbio ukiwa umepungua kilo moja au mbili si balaa, ila kuongezeka ni balaa. Namba hiyo ikusaidie kujua ubebe kiasi gani kati ya kituo na kituo, kisha kiu ndiyo ikuamulie lini unywe. Kuhusu sodiamu, wengi huenda vizuri na miligramu 300 hadi 600 kwa saa, na gramu moja ya chumvi ya mezani ina karibu 390. Lakini chumvi haimwokoi anayekunywa kupita kiasi. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na ndugu zake zibaki nyumbani, kwani huzielemea figo wakati damu inayozifikia imepungua.

Mhudumu wa kituo ajue kumtofautisha aliyezidisha maji na aliyezidiwa na joto. Vidole vimevimba hadi pete imembana, tumbo linachezacheza maji, kichwa kinamgonga, anatapika: huyo asipewe maji, bali kitu chenye chumvi nyingi kama bado anameza, na daktari aitwe. Mwingine ngozi inawaka na maneno yanampotea. Huenda joto la ndani limepita nyuzi 40, na huyo apozwe palepale alipoanguka: avuliwe, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kukoma. Kumbeba kwanza hadi ukingoni ni kosa, maana machela korongoni huchukua saa nyingi.

Jambo la pili ni umbo lenyewe la korongo. Mlimani unachoka ukipanda, halafu unateremka kurudi. Korongoni ni kinyume: unashuka asubuhi ukiwa mbichi, unapanda jua likiwa utosini. Tena hewa kavu huongezeka joto takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100 unazoshuka. Kule Grand Canyon, Marekani, kutoka ukingo wa kusini hadi mto Colorado ni zaidi ya mita 1,300, kwa hiyo asubuhi ya baridi pale juu haikuambii lolote kuhusu mchana wa chini. Miamba nayo hutema joto hata kivulini. Ukienda na kurudi kwa njia ileile, tenga theluthi ya muda na maji kwa kushuka, theluthi mbili kwa kupanda. Na mapaja yazoeshwe mteremko wiki kadhaa kabla, kwa hatua fupi, la sivyo yatagoma kabla kupanda hakujaanza.

Mafuriko yanahitaji neno lake. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, juu ya mkondo. Mbingu ya bluu juu ya kichwa chako si ushahidi. Kinachotazamwa ni utabiri wa eneo lote linalomwaga maji humo. Ukisikia mngurumo, au kijito kikigeuka tope lenye vijiti, usikimbie kufuata mkondo ukidhani utayashinda maji. Panda juu, hata mita chache.

Mchanga ni kero ndogo inayomaliza mbio za wengi. Vifuniko vya kitambaa vya kuziba mdomo wa kiatu vishonwe kuzunguka kiatu chote, kwa sababu gundi pekee huachia kwenye joto. Kiatu kizidi nusu saizi, mguu huvimba. Ukihisi mahali panapochoma unyayoni, simama ubandike tepu papo hapo. Dakika tatu hizo ni rahisi kuliko lengelenge la kilomita 20.

Saa za GPS zisiaminiwe kwenye nyufa nyembamba. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na saa mara nyingi huhesabu kilomita ambazo hukuzikimbia. Maji ya kubeba yapange kwa dakika, si kwa kilomita.

Na koti jepesi je? Mei 2021, wakimbiaji 21 walikufa katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, eneo kavu la mawe, baada ya upepo na mvua ya baridi kuwakuta wengi wao na kaptura tu. Koti na blanketi la dharura ni gramu chache.

Ombi langu kwa waandalizi, kupitia gazeti lako: taarifa ya mbio ionyeshe mwinuko wa kila kituo cha maji, umbali hadi kinachofuata, na mahali pa kutokea korongoni katikati ya njia. Na mizani iwekwe mwanzoni na nusu ya safari.

Mkufunzi wa mbio za masafa marefu