Sindano za kupunguza mwili, na moyo wako, figo zako, usingizi wako

Haipiti wiki bila mteja kuingia hapa famasi na kuulizia bei ya "ile sindano ya kupunguza mwili". Mara nyingi anawaza harusi ya mwezi ujao, au gauni linalombana. Lakini anayeweza kufaidika nayo zaidi pengine ni baba yake kule nyumbani, mnene, aliyewahi kulazwa kwa ajili ya moyo, na ambaye hajawahi hata kuisikia.

Dawa zenyewe ni semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepataidi, yaani Mounjaro au Zepbound. Unajichoma chini ya ngozi ya tumbo au paja, mara moja kwa wiki. Zinaiga homoni ambayo utumbo hutoa tukila: chakula kinakawia tumboni, ubongo unapata taarifa ya shibe mapema, na kongosho linatoa insulini pale sukari inapopanda.

Habari kubwa ilitoka Novemba 2023. Utafiti uitwao SELECT ulifuatilia watu 17,604 wa miaka 45 na kuendelea, wote wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo au mishipa, wote bila kisukari. Kwa miaka mitatu na kitu, katika kila watu 1,000 waliochomwa sindano isiyo na dawa, kama 80 walipata mshtuko wa moyo au kiharusi, au walikufa kwa maradhi hayo. Kwa waliochomwa semaglutaidi walikuwa kama 65. Utasikia watu wakisema "hatari imepungua kwa asilimia 20", na hesabu ni sahihi, ila sisi tunapenda uwaone hao watu 15. Si haba, kwa sababu wengi wao walikuwa tayari wanameza dawa za presha na kolesteroli. Tena nafuu ilionekana hata kwa waliopungua kidogo, kwa hiyo mizani peke yake haielezi kila kitu.

Mwaka 2024 ikafuata zamu ya figo. Kwa wagonjwa 3,533 wenye kisukari aina ya pili na ugonjwa sugu wa figo, semaglutaidi ilipunguza kwa asilimia 24 hatari ya figo kudhoofika vibaya au kufeli, au mtu kufa kwa figo au moyo. Aliyewahi kuuguza mtu wa kusafishwa damu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Desemba mwaka huohuo Marekani iliruhusu tirzepataidi kwa watu wanene wanaokoroma, wakakata pumzi usingizini na kushtuka wakihema. Maumivu ya magoti yaliyosagika nayo yamepungua kwenye utafiti wa semaglutaidi.

Kwa ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, hapana. Majaribio mawili makubwa ya vidonge vya semaglutaidi yalitoa majibu Novemba 2025, na ugonjwa haukupungua kasi. Anayekuuzia dawa hii kama tiba ya kila kitu, mkimbie.

Bila cheti cha daktari hatuitoi, hata ukiwa mteja wetu wa miaka yote. Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni kawaida, hasa dozi inapopandishwa, ndiyo maana huanza ndogo. Mjamzito haitumii, na anayepanga kushika mimba aache semaglutaidi angalau miezi miwili kabla. Kama kwenu kuna mtu aliyeugua saratani ya tezi ya shingo, mwambie daktari. Ukiacha dawa, kilo nyingi hurudi, kwa hiyo piga hesabu ya gharama ya muda mrefu, siyo ya boksi moja.

Na hao wanaouza sindano hizi kwa WhatsApp! Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia. Hata ikiwa halisi, peni (sindano yenyewe, yenye umbo la kalamu) ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Ukisafiri nayo kwa basi, usiiache igusane na barafu.

Wenye sukari mnaotumia vidonge vya glibenklamaidi au insulini, sindano hii ikiongezwa juu yake sukari inaweza kushuka hadi mtu akazimia. Daktari huenda akapunguza dozi ya zile za zamani kwanza. Njooni na maboksi yote ya dawa mnazotumia, hata za kienyeji, tuyapitie pamoja kabla hamjaenda kumwona. Presha na kiuno tunapima hapahapa.