Kabla Hujanunua Gundi

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikacheka peke yangu pale uliposema watoto wa mtaani kwenu wamekwisha kukuletea magunia matatu ya vizibo kabla hata hujawaambia ni vya nini. Watoto ndivyo walivyo, na sasa magunia yamekaa sebuleni na huna pa kupita. Mimi sijambo, ila vidole vimejaa plasta kwa sababu ya kingo za makopo. Tafuta glavu kabla hujafika huko.

Umeniuliza gundi ipi inafaa kubandikia vizibo hivyo vya chupa, na mchoro gani uwekwe kwenye ule ukuta wa mtaa mnaotaka kuupamba pamoja kwa taka. La gundi nina uchungu nalo, basi nianze hapo: usinunue. Vizibo vya chupa za maji ni plastiki yenye utelezi, ambayo gundi nyingi huigusa tu bila kuishika, na saruji nayo huiachia. Nimelijua hili kwa aibu. Yule samaki wetu wa kwanza wa vizibo ukutani, ambaye nilikutumia picha yake kwa majivuno, tulimbandika kwa gundi ya bei kubwa. Wiki ya tatu jua lilipomkolea akaanza kupukutisha magamba. Ukipita asubuhi unakuta jicho liko chini. Majirani hawakusema neno, walifagia tu, na kule kufagia kimyakimya kuliniuma kuliko kama wangenitukana.

Tulipoanza upya tulitoboa kila kizibo kwa keekee, tukakifunga kwa waya au kukikaza kwa skrubu kwenye ubao, na mbao zilipojaa ndipo tukazipandisha ukutani. Nia yangu ilikuwa samaki asidondoke, basi. Sikutegemea kwamba na watu wangebadilika. Wakati wa gundi tulikuwa wawili juu ya ngazi, wengine wote wako chini wanatutazama kama watazamao mpira. Wakati wa waya, ngazi haikuwa na kazi mpaka siku ya mwisho. Bibi mmoja ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda popote alikaa kitako na ubao mapajani, akafunga vizibo zaidi ya mia mbili, huku akitupa amri sisi sote. Kabla ya kuuliza picha iweje, uliza mtu atakaa wapi na mikono yake itafanya nini.

Unamkumbuka El Anatsui, yule msanii wa Ghana aliyeishi miaka mingi Nsukka, Nigeria? Zile kazi zake kubwa zinazofanana na vitambaa vya kifalme ni vizibo vya bati vya chupa za pombe, vilivyopondwa, kukunjwa na kushonwa kwa waya wa shaba. Vijana wengi hukaa wakishona vipande vidogovidogo, kisha vipande hivyo hutandazwa sakafuni, naye anavihamisha huku na kule mpaka aridhike. Yule ni msanii mwenye warsha yake, si mradi wa mtaa, na sisemi tumuige sura. Nimeuchukua ule utaratibu tu: kipande kidogo ambacho mtu anaweza kukianza na kukimaliza leo, akakionyesha kwa kidole, hata kama hatarudi tena kesho.

Sasa nikupe siri ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuijua. Sehemu tamu ya kazi hii yote ni kuosha na kuchambua. Mimi nilikuwa naiona kama adha ya kumalizwa haraka, hata mara moja niliwahi kuleta vizibo vilivyokwisha kuoshwa ili "tuokoe muda". Siku ile watu walikuja, wakafunga, wakaondoka. Kimya. Lakini weka mabeseni sita ya maji na sabuni, waambie wachambue kwa rangi, kisha wewe kaa kando. Mkono ukiwa kwenye maji, mdomo unafunguka wenyewe. Tulikuwa na majirani wawili ambao hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mtaro. Niliwaweka beseni moja makusudi, nakiri. Hawakupatana, usidhani nakusimulia hadithi ya watoto. Waligombana kama kizibo fulani ni kijani au ni bluu, mpaka ikabidi aitwe mtu wa tatu kuamua. Ila huo ulikuwa ugomvi wao wa kwanza katika miaka miwili usiohusu mtaro.

Jambo jingine: usiridhike na vizibo peke yake. Kizibo hakina mwenyewe. Waombe watu walete na kitu kilichokufa nyumbani mwao lakini hawajaweza kukitupa. Mama mmoja alituletea gurudumu la baiskeli ya marehemu mumewe, akaliweka mezani na kutuambia tusilipake rangi. Hatukulipaka. Lilikuwa na kutu na halikulingana na chochote, na sasa ndilo jua la picha yetu.

Msumbiji walilifanya hili kwa vitu vizito kuliko vyetu. Kuanzia mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi ile liliwapokea watu waliosalimisha silaha zilizobaki baada ya vita, wakapewa badala yake majembe, baiskeli na cherehani. Silaha zikakatwakatwa, na wasanii wakaunganisha vipande kuwa viti, ndege, wanyama. Ule Mti wa Uzima ulioko British Museum, jumba la makumbusho la London, uliotengenezwa 2004, ni chuma cha bunduki tupu. Anayeutazama hahitaji kuelezwa sana, maana anajua kile kitako cha bunduki kilikuwa kinafanya nini zamani.

Na fundi umpate mapema. Watu wengi wakisikia "sanaa ya taka" hudhani kulipualipua kunaruhusiwa kwa kuwa malighafi ni ya bure. Ile dau ya Flipflopi, iliyojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa na kuvishwa vipande vya kandambili kama 30,000, ilisafiri mwaka 2019 hadi Zanzibar kwa sababu aliyesimamia ujenzi, Ali Skanda, alikuwa fundi majahazi hasa. Bahari haikuuliza mbao ni za nini. Kwa hiyo kamtafute mchomeleaji wa mtaa, na fundi cherehani pia, umwombe akae meza ya mbele. Watu husogea wakiona anayejua kazi.

Kuna neno moja gumu, nalo nalisema kwa kuwa ni wewe. Umeandika kwamba ukuta tayari umeruhusiwa na mwenye ukuta. Vizuri. Je, wanaoutazama kila asubuhi wamesemaje? Kule Detroit, Marekani, msanii Tyree Guyton alianza mwaka 1986 kuzipamba nyumba zilizotelekezwa katika mtaa aliokulia, akitumia madoli, viatu na vyuma vya magari, pamoja na babu yake, Sam Mackey. Wageni walimiminika kutoka mbali. Lakini baadhi ya majirani waliona ameongeza uchafu juu ya uchafu, na jiji lilibomoa sehemu za kazi ile mwaka 1991 na tena 1999. Mimi naipenda kazi yake, ila siwezi kuwacheka wale majirani. Mtu ambaye miaka yote amepigania takataka ziondoke mbele ya mlango wake, ukimrudishia zikiwa zimepangwa kwa rangi, ana haki ya kukunja uso. Nenda kwa hao kwanza, kabla ya wale wanaokushangilia. Na wakikataa, basi si ukuta ule.

Mengine ni madogo. Chupa za dawa, betri na makopo ya rangi usipokee hata ukibembelezwa. Usiruhusu mtu aunguze plastiki ili aikunje, moshi wake ni sumu na watoto ndio watakaokuwa karibu. Kingo za makopo zikunjwe ndani kwa koleo. Tena, plastiki ikipigwa na jua miaka kadhaa hukauka, hukatika, na vipande huishia mtaroni kulekule tulikoviokota, kwa hiyo andika tangu leo ni nani atakayeikagua na lini itashushwa. Sisi hatukuandika. Sasa ninayeikagua ni mimi, kila mwezi, kwa ngazi ileile ya gundi.

Mchoro? Sina. Kweli kabisa, usiwe nao bado. Chambueni kwanza muone rangi ipi imejaa. Sisi tulitaka bahari, tukakuta vizibo vyekundu ni vingi mara tatu kuliko bluu, na yule bibi wa magoti akasema basi iwe machweo, tusijisumbue kutafuta vingine.

Nitakuja mwisho wa mwezi, nina koleo mbili na keekee ya kuazima. Niandikie hesabu ya mabeseni uliyonayo, na umwambie huyo kijana wako asivimwage tena vizibo kwenye ndoo moja vikishachambuliwa.

Ni mimi rafiki yako, mwenye vidole vya plasta.