Hii chupa ya "lofati" mbona haituambii sukari?

Ndugu Mhariri,

Mi nina kiduka Nkuhungu hapa Dodoma, nauza unga, mafuta, sukari, vocha, na nina friji moja ya soda, maji na maziwa. Kwenye hiyo friji kitu kinachotoka haraka siku hizi sio soda, ni yale maziwa ya flava ya chupa ya nusu lita, stroberi na chokleti, yale yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba yana mafuta kidogo. Watu wanayaita lofati. Akina dada wanaopunguza mwili wanakuja jioni wametoka mazoezi wananiambia mama nipe lofati, na mi nampa, nachukua hela yangu, yameisha.

Sasa wiki mbili zilizopita alikuja bibi mmoja ametoka Bahi kwa mwanae, ana sukari siku nyingi. Tumeamkiana vizuri, mbukwenyi mbukwenyi, akaniambia mwanangu nesi kanikataza mafuta nipe yale maziwa ya pinki yasiyo na mafuta. Nikatoa chupa. Sijui ni nini kilinifanya nivae miwani siku ile, nikasogea mlangoni kwenye mwanga nikaanza kusoma yale maandishi ya nyuma ambayo ni madogo kama mayai ya chawa, afu yapo kwenye mkunjo wa chupa na ni Kiingereza kitupu. Nikakuta sukari gramu 9.8 kwa mililita 100. Bibi akasema si kidogo hiyo? Hata mi niliona kidogo mpaka nikakumbuka chupa yenyewe sio mililita 100, ni 500. Kwa hiyo zidisha mara tano, gramu 49.

Basi nikachukua mzani wangu nikapima sukari gramu 49 kwenye kimfuko, nikamwekea juu ya kaunta. Mhariri, ni fungu kabisa, mifuko mitano ya hivyo ni robo kilo ninayowapimia watu hapa kila siku. Bibi akaiangalia, akaiminya minya, akaniambia nipe maji.

Kuanzia hapo nikawa kila anayekuja kununua lofati namwonyesha kile kimfuko, nimejiona daktari. Mpaka mpwa wangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akaja akanicheka, akasema mama mdogo unawatisha watu kwa uongo wa nusu. Kumbe maziwa yenyewe toka kwa ng'ombe yana sukari yake, inaitwa laktosi, hata yale meupe yasiyowekwa kitu. Nikatoa pakiti ya maziwa ya kawaida tukasoma, kweli imeandikwa 4.7. Kwa hiyo iliyoongezwa kiwandani ni ile tofauti, 5.1, mara tano inakuja kama gramu 25 na nusu. Nikapunguza kimfuko changu. Kwa kijiko cha chai cha gramu 4 ni vijiko sita na kidogo, ndani ya chupa moja, na Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa mtu mzima ikibaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku ndo inapendeza zaidi. Yani chupa moja imemaliza posho ya siku nzima na chai ya asubuhi hujaigusa, na chai ya Dodoma mnaijua ilivyo.

Lakini kilichoniuma sio hata hicho, ni hesabu tuliyofanya baadae tukiwa tunafunga duka. Maziwa yenye mafuta yake yote yana kama gramu 3.5 kwa mililita 100, haya ya lofati yameandikwa 1.5. Kwa nusu lita umepunguziwa gramu 10 za mafuta. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo umeokoa kalori 90. Sukari gramu moja ni kalori 4, zile 25 na nusu walizoweka ni kalori 102. Umeona hapo? Wamekutolea 90 wamekurudishia 102, na wewe umetembea toka Area C kwa miguu ukijua unapungua. Na nimesoma mpangilio wa vilivyomo, cha kwanza maziwa, cha pili sukari, na huwa wanapanga kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Stroberi yenyewe haipo kabisa, kuna ladha na rangi, sijui kwa nini wamechora matunda makubwa vile kwenye chupa.

Sisemi ni sumu jamani, maana kuna wateja wameshaanza kunitangaza hivyo. Ni maziwa kweli. Protini ipo, gramu 3 na kitu kwa mililita 100, kalisiamu ya mifupa ipo vile vile maana haikai kwenye mafuta. Mtoto akichagua kati ya hii na soda mi nitampa hii, soda ina sukari kama hiyo hiyo na protini hakuna. Vitamini A na D ndo zinatoka na mafuta, kwa hiyo angalia kama wameandika wamezirudisha. Na wale akina mama wanaowapa watoto wadogo lofati wakidhani ni maziwa laini, mtoto chini ya miaka miwili anahitaji yale mafuta ya maziwa, na aliye chini ya mwaka mmoja anyonye, maziwa ya ng'ombe yasiwe ndo kinywaji chake.

Mimi ombi langu ni moja tu. Nyie wenye viwanda, kama mnaweza kuandika mafuta kidogo kwa herufi za kuonekana ukiwa ng'ambo ya barabara, andikeni na sukari hivyo hivyo, kwa Kiswahili, na mwandike ya chupa nzima, sio ya mililita 100, maana hakuna mtu nimewahi kumwona anakunywa mililita 100 afu anafunika chupa. Na iliyoongezwa ikae peke yake isichanganywe na laktosi, nisije nikarudia aibu yangu. TBS, yani Shirika la Viwango Tanzania, na Bodi ya Maziwa hili wanaweza kukaa na viwanda wakalimaliza. Marekani huko toka Julai 2025 maziwa ya flava ya mashuleni mwisho ni gramu 10 za sukari ya kuongezwa kwa glasi ya mililita 237 hivi, hii chupa yangu ukiipima kwa glasi hiyo hiyo inatoka 12.

Kwa sasa nimebandika karatasi kwenye mlango wa friji, STROBERI NA CHOKLETI VIJIKO SITA. Jirani wa duka la pili ananiuliza kama nimechoka biashara. Mauzo yamepungua kidogo, sio sana, wengine wanasoma wanacheka wanachukua. Tatizo friji inatoa jasho na karatasi inaanguka kila siku mchana, namtafuta fundi wa kuniandikia kwa rangi.

Mama wa kiduka,
Nkuhungu, Dodoma