Barua kwa mwanangu: mbuzi hakuwepo

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Sisi huku mwisho wa reli hatujambo. Mvua zimeanza, magoti ya bibi yako yameanza nayo, na mama yako kila siku ananiuliza kama ni kweli gari hilo lina milango miwili tu. Nimemwambia ni miwili, na viti vya nyuma vipo ila ni vya kuwekea begi. Amesikitika kidogo. Alishapanga nani atakaa wapi.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukutumia sauti kwa WhatsApp kwa sababu sauti zangu zote mama yako anazisikiliza, na humu kuna jambo ambalo yeye halijui. Nitalifikia.

Ulipopiga Jumapili nilifurahi pamoja nawe. Toyota 86 ya mwaka 2013, gia za mkono, na umeinunua kwa jasho lako. Lakini kuna neno ulilisema huku unacheka, nikalala nalo. Ulisema wenzako mnaokutana Kigamboni wamekuonyesha kitufe cha kukishikilia mpaka taa iwake, "kompyuta inyamaze", na kwamba dereva wa kweli haendeshi gari kama hilo bila kukizima. Halafu katika pumzi hiyohiyo ukasema Desemba unakuja nalo Kigoma. Zaidi ya kilomita 1,200, mvua hizi.

Sikukujibu palepale kwa sababu hata mimi niliwahi kusema maneno hayohayo. Unajua kazi niliyofanya: Land Cruiser za mashirika, Kasulu, Kibondo, kambini Nyarugusu, miaka ishirini na mbili. Zile za zamani hazikuwa na chochote cha kukusaidia. Ulikuwa wewe, mguu wako na Mungu. Kwa hiyo zilipoanza kuja gari zenye vitaa vya njano vya kupepesa nilizicheka. Niliona ni mambo ya watu wasiojua kuendesha.

Kwanza ujue wenzako wanakuzimia nini, maana naona wanavichanganya vitu viwili vya kompyuta ya gari, TRC na VSC.

TRC inalinda tairi zinazosukuma, na kwako ni za nyuma. Ukikanyaga mafuta zikaanza kuzunguka kuliko gari linavyokwenda, inapunguza nguvu ya injini na kuibana breki tairi inayokimbia bure. Basi. Kazi yake ni hiyo tu.

VSC, ile inayolizuia gari lisitoroke kwenye kona, ndiyo yenye akili. Kila tairi ina kidude kinachohesabu mizunguko yake, vilevile vinavyotumiwa na ABS, breki zisizoacha tairi zijifunge. Kwenye usukani kipo kingine kinachosoma umeukata kiasi gani. Na kwenye mwili wa gari kuna kingine kinachopima gari lenyewe linageuka kwa kasi gani kwa kweli. Kompyuta inalinganisha: mikono ya Zuhura imeomba hivi, gari linafanya vile. Vikiachana, inashika breki ya tairi moja peke yake. Wewe huna mguu wa kufanya hivyo. Pedali yako inashika zote nne.

Unamkumbuka babu yako akigeuza mtumbwi pale Kibirizi? Hakuwa na usukani. Alikuwa anazamisha kafi upande mmoja na kulishikilia tu, mtumbwi wote unageukia upande ule. VSC ni kafi la babu. Uko kwenye kona ya kushoto, mkia ukatoroka kwenda nje, yaani gari linataka kujizungusha: inashika tairi ya mbele kulia, ile ya nje, pua inarudishwa. Ikiwa ni pua ndiyo imekataa kuingia kona, inashika ya nyuma kushoto, ya ndani, gari linavutwa kuingia. Haya yote yanatokea kabla hujamaliza kusema "lahaula". Utaona kitaa cha njano kinapepesa. Kikipepesa hakijaharibika, kinakuambia "nimekushika, punguza".

Isichoweza ni kuongeza mshiko. Tairi zina kiasi chake cha kung'ang'ania barabara, na VSC inagawa kilekile kilichopo. Mwendo ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya kulishikilia gari kwenye kona ileile inatakiwa mara nne, na hapo hakuna kafi litakalokufaa. Nakuambia hili ili usije ukaenda upande wa pili, ukadhani kompyuta itakubeba.

Sasa vitufe. Kile chenye picha ya gari na mistari iliyopinda chini yake, ukikibonyeza mara moja unazima TRC peke yake, na mwendo ukipanda inajirudisha. Ukikishikilia zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama, unazima TRC na VSC pamoja. Hapo hakuna cha kujirudisha. Utakimbia hata 120, itabaki imezimwa mpaka ubonyeze tena au uzime injini. Kile kingine, VSC SPORT, hakizimi kitu. Kinaichelewesha VSC, kinakuachia mkia uteleze kidogo kabla ya kukushika. Hicho sina ugomvi nacho, ukiwa uwanja uliofungwa, lami kavu, hakuna mtu wala nguzo. Hata kuzima vyote sina ugomvi nako kama ni hapo. Gari lako limetengenezwa jepesi na mkia wake wa kucheza, na kujifunza linavyoteleza ni elimu. Kuanzia Kimara, unapoiacha Dar, kuja huku, hapana.

Kuna mahali pamoja barabarani ambapo utakihitaji. Ukikwama kwenye tope au mchanga, TRC inaona tairi zinazunguka bure, inainyonga injini, gari linabaki kukohoa palepale. Hapo unataka tairi zizunguke zijisafishe. Bonyeza mara moja, mafuta taratibu, toka. Mara moja. Usishikilie.

Mimi nilishikilia.

Unakumbuka mwaka ule uko kidato cha nne, nimerudi na lile Mark X la kijivu bampa ya mbele inaning'inia, taa ya kushoto hakuna, mihogo imejaa kwenye grili? Mama yako aliuliza kulikoni, nikasema: mbuzi. Akasema pole. Wewe ukasema pole. Bibi yako akataka kujua mwenye mbuzi amelipwa nani.

Mbuzi hakuwepo, mwanangu.

Nilikuwa natoka msibani kwa watani wetu, kijiji kimoja ndani huko upande wa Kasulu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nimewabeba wazee watatu. Tulipofika bondeni gari likagoma kwenye tope jekundu, lile linaloshika kiatu mpaka unatoka na soksi. Nikabonyeza kitufe, sikuona tofauti ya haraka, nikakishikilia kwa hasira. Taa zikawaka. Vijana wakasukuma, tukatoka, nikapiga honi kama bwana harusi.

Betri yangu ilikuwa imechoka siku zile. Kwa hiyo pale Kasulu nilipowashusha wazee sikuzima injini, niliogopa haitawaka tena. Nikanunua ndizi kupitia dirishani, nikaendelea. Injini haikuzimwa, basi na kile nilichokizima bondeni kilibaki kimezimwa. Kitaa cha njano kilikuwa kinaniangalia usoni mwendo wote huo, na mimi nakula ndizi.

Kwenye mteremko wa kuja Kidahwe kuna kona ya kulia naijua kama mlango wa nyumba yangu. Lami mbichi. Mbele yangu kulikuwa kumepita pikapu la madumu ya mawese na dumu mojawapo lilikuwa linavuja, maana niliuona ule mng'ao wa chungwa juu ya maji nilipokuwa nimeshaingia kona. Nikafanya kosa ambalo nimewafundisha madereva wadogo wasilifanye: nikanyanyua mguu wa mafuta ghafla. Ukinyanyua hivyo katikati ya kona, uzito wa gari unainamia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi. Mkia ukaondoka. Nikaukata usukani kinyume, nikachelewa kuurudisha, mkia ukaja upande wa pili, na kilichofuata ni shamba la mihogo.

Kimya. Injini inaunguruma. Chini ya mchikichi wamesimama watoto wawili na kuni zao, wananitazama kama sinema.

Mwenye shamba alikuwa bibi mmoja mkavu wa maneno. Akazunguka gari, akaangalia mistari miwili niliyochora mpaka katikati ya mihogo yake, akasema kumbe ningemwambia mapema asingelipa vibarua wa kulima. Nilimlipa mihogo yake. Nilipoketi tena kwenye kiti ndipo nikakiona kile kitaa.

Sisemi kwamba VSC ingeniokoa kwa hakika. Mawese ni mawese. Nasema ilikuwepo, nimeilipia, na mimi mwenyewe niliifunga mikono nikiwa bondeni, nikasahau. Na kwa nini nilisema mbuzi? Kwa sababu nilikuwa dereva wa miaka ishirini na mbili. Mbuzi anaweza kumtokea yeyote.

Baadaye shirika lilituleta darasani kwa mafunzo ya siku mbili, na mkufunzi akatueleza historia. Kwamba mwaka 1995 Mercedes-Benz na Bosch waliingiza mfumo huu wa aina ya VSC sokoni, na mwaka huohuo Toyota nao wakauweka kwenye Crown Majesta. Kwamba mwaka 1997 huko Sweden waandishi wa gazeti la magari walilichukua Mercedes A-Class jipya wakalifanyia jaribio la kukwepa: unakata usukani ghafla kushoto, kisha kulia, kama aliyetokewa na mnyama barabarani. Wenzetu wana mnyama wa msituni mkubwa kama pofu. Gari likapinduka. Kampuni ikayarudisha yale magari na kuyawekea mfumo huu yote, hata ya bei ndogo, na kutoka hapo ukaanza kuenea mpaka kwenye magari ya watu wa kawaida. Marekani waliufanya kuwa lazima kwa magari mapya madogo ya mwaka 2012. Darasa zima likacheka waliposikia habari ya mnyama wa kukwepa. Mimi nilijifanya natafuta kalamu.

Tairi. Hapa nisikilize kuliko kote. Wewe umenieleza rangi ya gari, sauti ya ekzosi, muziki, lakini tairi hukuzitaja hata moja. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya kutoka Japani mara nyingi huja na tairi zenye kashata nzuri lakini zimekauka kwa uzee, na tairi kavu kwenye mvua ni sabuni. Zisome zote nne. Na usikubali muuzaji akuchanganyie, mbili za saizi hii na mbili za ile kwa kuwa "zinaingia". Gari lako lilitoka kiwandani na 215/45R17. Ile kompyuta inahesabu mizunguko. Ukiweka tairi fupi upande mmoja inadhani kuna tairi inateleza wakati haitelezi, na siku inayoteleza kweli haitajua imwamini nani. Upepo pimisha asubuhi kabla hujatembea, zikiwa za baridi. Namba za upepo zipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba husomeka hata kwa Kijapani.

Ukija, lala Dodoma na ulale Tabora. Usiniambie umefika siku moja. Gari hilo tumbo lake liko kama sentimita 13 tu kutoka ardhini, kwa hiyo ukikuta mchepuko wa vumbi shuka uuangalie kwa miguu kwanza, hata kama lori limepita. Lori si kipimo chako. Kwenye vijiji hamsini ni hamsini, tochi za trafiki zinakaa nyuma ya miembe. Kutoka Urambo kuja Kaliua jihadhari na ng'ombe jioni. Hao wapo kweli.

Na kila unapowasha gari, kabla ya gia ya kwanza, tazama dashbodi mpaka taa zote za njano zizime. Ikibaki moja, usiondoke.

Ukifika Uvinza nipigie, nitakuja kukupokea Kidahwe kwa bodaboda nipande na wewe hiyo sehemu iliyobaki. Nataka kulisikia. Najua mama yako naye atataka azungushwe mjini, umpeleke mpaka Mwanga wamwone. Atakaa kiti cha mbele. Tangu mwaka ule akipanda gari lolote hatazami mbele, anatazama pembeni, na kila baada ya dakika mbili anapiga kelele, "Mbuzi huyo, upande wako!" Wewe punguza mwendo, mwambie umemwona.

Baba yako